Makosa ya Tahajia katika Kihispania: Historia ya Sauti Zilizokufa na Maana Zinazogeuka

1. Utangulizi

Mwanafunzi aliyezoea Kifaransa anapofungua kitabu cha Kihispania kwa mara ya kwanza hupata faraja. Takriban herufi zote husomwa. Irabu ni tano, kama zile za Kiswahili, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Ndiyo maana imezoeleka kusemwa kwamba Kihispania huandikwa kama kinavyotamkwa. Kauli hiyo ni ya kweli kwa msomaji, lakini si ya kweli kwa mwandishi. Anayesoma neno la Kihispania hukosea mara chache. Anayeliandika baada ya kulisikia hukosea mara nyingi, hata kama ameinyonya lugha hiyo kwa mama yake.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Neno "cima" maana yake ni kilele cha mlima. Neno "sima" maana yake ni shimo refu lisiloonekana mwisho wake. Kwa wasemaji walio wengi wa Kihispania maneno haya mawili hutamkwa sawasawa kabisa. Basi mwandishi anayekosea herufi moja tu humshusha mpanda mlima kutoka kileleni hadi shimoni, na sikio halimwonyi.

Makala haya yanachunguza makosa ya tahajia yaliyo ya kawaida katika Kihispania, namna yanavyogeuza maana, na historia iliyoyazaa. Hoja yake ni kwamba mengi ya makosa hayo hayatokani na uzembe wa mwandishi. Ni alama ya sauti zilizokuwako zamani, zikafa katika vinywa vya watu, ilhali herufi zake zikabaki katika karatasi. Nyuma ya hoja hiyo lipo swali lingine linalohusu kila lugha inayosemwa na mataifa mengi, Kiswahili kikiwamo: ni nani mwenye haki ya kuamua namna lugha ya wengi itakavyoandikwa?

2. Herufi na sauti zilipokwenda pamoja

Kihispania kilitokana na Kilatini kilichosemwa katika eneo la Castilla, na kwa sababu hiyo huitwa pia Kikastilia. Maandishi yake yalipata utaratibu katika karne ya 13, wakati wa Mfalme Alfonso X, aliyetawala kuanzia 1252 hadi 1284 na kupewa jina la Mwenye Hekima. Chini ya uangalizi wake vitabu vya sheria, historia na elimu ya nyota viliandikwa kwa Kikastilia, mahali ambapo wengine wangetumia Kilatini. Waandishi wake walihitaji namna moja ya kuendeleza maneno, na kwa kiasi kikubwa waliipata.

Katika maandishi hayo tofauti za herufi zilikuwa tofauti za sauti. Herufi b iliwakilisha sauti moja, na v (iliyoandikwa pia u) iliwakilisha nyingine. Herufi ç ilitamkwa karibu na ts, na z karibu na dz. Kati ya irabu mbili, ss ilikuwa s ya kawaida, ilhali s moja ilitamkwa kama z ya Kiswahili. Herufi x ilikuwa sh, kama ile ya neno shamba. Na j ilitamkwa kama j ya Kifaransa. Mwandishi aliyesikia vizuri aliandika vizuri.

Ushahidi wa hali hiyo umehifadhiwa katika lugha jirani. Kitabu mashuhuri cha Cervantes, ambacho sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1605, kilimwita shujaa wake "Quixote". Wafaransa walimwita "Quichotte", kwa sauti ya sh, kwa kuwa ndivyo walivyolisikia jina lenyewe. Leo Wahispania huandika "Quijote" na kulitamka kwa kh ya kooni. Kifaransa kimetunza sauti ambayo wenyewe wameipoteza.

Mwaka 1492 mwanachuoni Antonio de Nebrija alichapisha sarufi ya Kikastilia na kuikabidhi kwa Malkia Isabel. Mwaka 1517 aliongeza kitabu kidogo cha kanuni za tahajia. Msingi wake, ambao aliuchukua kwa walimu wa kale wa Roma, ulikuwa kwamba mtu aandike kama anavyotamka na atamke kama ilivyoandikwa. Msingi huo ulikuwa bora. Bahati mbaya ni kwamba ulitangazwa wakati ule ule ambapo sauti zenyewe zilikuwa zikianza kuhama.

3. Sauti zilizokufa na makosa zilizoyaacha

Katika karne ya 16 na ya 17 matamshi ya Kikastilia yalibadilika kwa kasi. Sauti zilizokuwa mbili zikawa moja, nyingine zikatoweka. Kila mahali palipotokea badiliko la namna hiyo, leo pana kundi la makosa.

3.1 B na V

Sauti za b na v ziliungana kuwa moja. Katika matamshi sanifu ya leo herufi hizi mbili hazitofautishwi mahali popote, si Madrid wala Bogotá. Mwandishi hana budi kukumbuka kwa macho kile ambacho sikio halimwambii. "Votar" ni kupiga kura. "Botar" ni kutupa. "Tuvo" ni alikuwa na kitu. "Tubo" ni bomba la maji. "Revelar" ni kufichua siri; "rebelarse" ni kuasi. "Grabar" ni kuchonga au kunasa sauti. "Gravar" ni kutoza kodi. "Sabia" ni mwanamke mwenye hekima. "Savia" ni utomvu wa mti. "Bello" ni kizuri. "Vello" ni malaika, yaani vinyweleo laini vya mwili. Mshairi anayesifu uso wa mpenziwe na akakosea herufi ya kwanza hapa amesema jambo ambalo hakulikusudia.

Makosa ya aina hii yana ukongwe wake. Mwanafunzi anayeandika "cavallo" kwa maana ya farasi huwekewa alama nyekundu, kwa kuwa leo lazima aandike "caballo". Lakini "cavallo" ndivyo lilivyoandikwa neno hilo kwa karne nyingi, na msomaji wa Kifaransa ataiona v hiyo hiyo katika "cheval". Vilevile anayeandika "aver" badala ya "haber" amerudia, bila kujua, tahajia ya waandishi wa Alfonso X. Kosa la leo lilikuwa usahihi wa jana.

3.2 S, C na Z

Sauti nne za zamani za ç, z, ss na s zilipungua. Kaskazini na katikati ya Uhispania zilibaki mbili: s, na sauti inayofanana na th ya neno thelathini, ambayo huandikwa kwa z, au kwa c ikifuatwa na e au i. Katika sehemu kubwa ya Andalucía, upande wa kusini, ikabaki moja tu. Mwaka 1503 Sevilla, mji mkuu wa kusini, ulifanywa kitovu cha safari na biashara ya Amerika. Mabaharia, wafanyabiashara na wahamiaji wengi walipitia huko, na matamshi ya kusini yakavuka bahari pamoja nao. Matokeo yake ni kwamba karibu Amerika yote inayosema Kihispania, pamoja na visiwa vya Canaria, hutamka s peke yake. Kwa idadi hao ndio wengi mno kati ya watu karibu milioni 500 wenye lugha hiyo kama lugha ya kwanza.

Kwa hiyo wengi wamerithi tahajia inayopambanua kitu ambacho vinywa vyao havikipambanui. "Casar" ni kuoza au kufungisha ndoa. "Cazar" ni kuwinda. "Coser" ni kushona. "Cocer" ni kupika kwa kuchemsha. "Siervo" ni mtumwa; "ciervo" ni kulungu. "Abrazar" ni kukumbatia. "Abrasar" ni kuunguza. Mtoto wa Madrid husaidiwa na sikio lake katika jozi hizi zote. Mtoto wa Lima au wa Havana hana msaada huo, na hata hivyo hupimwa kwa mizani ile ile.

3.3 H

Herufi h haina sauti yoyote katika Kihispania cha leo, na kwa sababu hiyo husahauliwa au kuongezwa pasipostahili. "Hola" ni salamu. "Ola" ni wimbi. "Hecho" ni jambo lililofanyika. "Echo" ni natupa. "Hasta" ni mpaka. "Asta" ni mlingoti wa bendera. "Hojear" ni kufunua kurasa. "Ojear" ni kutupia jicho. Kosa lililoenea kupita yote pengine ni la "a ver", yaani tuone, na "haber", yaani kuwako. Hayo mawili hayatofautiani hata kidogo yanaposemwa.

Asili ya h si moja, bali ni tatu. Katika maneno kama "hombre", mtu, h ni ukumbusho wa Kilatini tu. Katika "hijo", "hierro" na "harina" ilikuwa f: Kifaransa bado kina "fils", "fer" na "farine". F hiyo iligeuka kuwa pumzi ya h, na pumzi hiyo ilisikika katika vinywa vya watu wengi hadi karne ya 16. Watu wa kaskazini waliiacha mapema. Baada ya ikulu kuhamia Madrid mwaka 1561 matamshi yao yakashinda, na h ikanyamaza. Asili ya tatu ni ya uchapishaji. Zamani u na v zilikuwa herufi moja, kwa hiyo "uevo", yai, lingeweza kusomwa "vevo". Waandishi wakatanguliza h ili msomaji ajue kwamba kinachofuata ni irabu, na neno likawa "huevo". Wafaransa walitumia hila hiyo hiyo katika "huile" na "huit". Ndiyo maana Kihispania kina h katika "huérfano", yatima, lakini hakina katika "orfanato", nyumba ya mayatima. Mwanafunzi anayeandika "horfanato" amefuata mantiki. Historia ndiyo iliyomwacha njiani.

Jozi moja ya h inastahili kukumbukwa kwa kejeli yake. "Hierro" ni chuma. "Yerro", ambalo kwa wengi husikika sawa, maana yake ni kosa.

3.4 LL na Y

Herufi mbili ll zilikuwa na sauti yake, kama ly iliyotamkwa kwa pamoja. Sehemu za milima ya Andes na Paraguay bado zinaitunza. Kwingineko imemezwa na y, kama ilivyotokea katika neno "fille" la Kifaransa. Hivyo "calló", alinyamaza, limekuwa sawa na "cayó", alianguka. "Pollo", kuku, ni sawa na "poyo", benchi la mawe. Na "valla", uzio, ni sawa na "vaya", aende. Katika habari ya kwamba mtawala fulani alinyamaza au alianguka, herufi hizi hubeba mzigo mkubwa.

4. Akademia na maamuzi yake

Mpaka mwanzoni mwa karne ya 18 kila mchapaji alikuwa na desturi yake. Mwaka 1713 ilianzishwa mjini Madrid Akademia ya Kifalme ya Lugha ya Kihispania, na mwaka uliofuata ikapata kibali cha Mfalme Felipe V. Ilitoa kamusi yake ya kwanza katika majuzuu 6 kati ya 1726 na 1739, na kitabu cha tahajia mwaka 1741.

Wanaakademia walikuta sauti zimekwisha kuungana. Walikuwa na njia mbili: kufuata matamshi ya wakati wao, au kufuata asili ya maneno. Walichagua kuchanganya. Herufi ç waliiondoa. Lakini b na v waliziacha zote mbili, wakazigawa kwa kutazama Kilatini: "caballo" likapata b kwa sababu ya "caballus". Pale desturi ilipokuwa imeshika mizizi, Kilatini kilishindwa. "Abogado", wakili, huandikwa kwa b ingawa latoka kwa "advocatus". Na "maravilla", ajabu, lina v ingawa latoka kwa "mirabilia". Hivyo hata anayejua Kilatini hana kinga kamili dhidi ya makosa.

Mabadiliko mengine yalikuja polepole. Mwaka 1763 ss ilifutwa. Mwaka 1815 x ilipoteza sauti ya kooni, nayo j ikaichukua. Pia "quando" likawa "cuando". Jina la Meksiko pekee, pamoja na majina mengine ya huko, lilishikilia x yake ya kale, na Wameksiko wenyewe hawakukubali kuinyang'anya nchi yao herufi hiyo. Baada ya mwaka huo sura ya Kihispania ilikuwa karibu na ile ya leo. Lakini g na j ziliachwa zikigombania sauti moja mbele ya e na i, nazo b, v, h, s, c, z, ll na y zikabaki kama mitego njiani.

5. Alama ndogo, maana kubwa

Makosa mengine hayahusu herufi bali alama inayokaa juu yake. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu pasipo na tofauti. Kihispania nacho hupendelea silabi hiyo kwa maneno yanayoishia kwa irabu, n au s. Mkazo ukienda kinyume cha kanuni, lazima uonyeshwe kwa alama. Kwa njia hiyo neno moja huweza kuwa matatu: "público" ni hadhara, "publico" ni nachapisha, "publicó" ni alichapisha.

Hapo ndipo kosa dogo linapoweza kuleta madhara ya kweli. Kihispania, kama Kiswahili, hakilazimiki kutaja kiwakilishi cha mtenda. Kitenzi chenyewe humbeba. Kiswahili humtofautisha mtenda na wakati kwa silabi kamili: nalipa, alilipa. Kihispania huweza kufanya kazi hiyo yote kwa mstari mmoja mdogo. "Pago la deuda" ni nalipa deni. "Pagó la deuda" ni alilipa deni. Katika hati ya mahakama au ya biashara, alama iliyosahauliwa hubadilisha aliyelipa na siku ya malipo. Kwa "votar" na "botar" muktadha humwokoa msomaji; hapa mara nyingi muktadha hauna la kusema. Wengi huacha alama hii wanapoandika kwa herufi kubwa, wakidhani wameruhusiwa. Akademia haikupata kutoa ruhusa hiyo. Desturi hiyo ilitokana na mashine za taipu na vyombo vya matbaa, ambavyo havikuwa na nafasi ya alama juu ya herufi kubwa.

Kanuni za alama zenyewe zimebadilika zaidi ya mara moja. "Fué" na "dió" zilikuwa sahihi hadi kanuni mpya za 1952, zilizokuwa za lazima kuanzia 1959, zilipoziondolea alama. Mwaka 2010 Akademia ilishauri neno "solo" liandikwe bila alama, liwe na maana ya "peke yake" au ya "tu". Waandishi wengi walikataa, mabishano yakadumu zaidi ya miaka 10, na mwaka 2023 maneno ya kanuni yakarekebishwa ili mwandishi aweke alama pale anapoona pana utata.

Alama ya ñ ina historia nyingine. Waandishi wa zama za kati, wakitaka kubana nafasi, waliandika n moja na kuiwekea kistari juu badala ya kuandika nn. Kilatini "annus" kikazaa "año", mwaka. Bila kistari hicho neno hilo huwa "ano", jina la tundu la haja kubwa, na anayejaza umri wake kwa mashine isiyo na herufi hiyo hujikuta akichekwa. Katika miaka ya 1990 jambo hili lilivuka mipaka ya kicheko. Jumuiya ya Ulaya iliona kuwa sheria ya Uhispania ya kudai ñ katika mashine zilizouzwa nchini humo ilikuwa kizuizi cha biashara. Mwaka 1993 serikali ya Uhispania ilitoa amri ya kuilinda herufi yake.

6. Jaribio la Chile

Baada ya nchi za Amerika kujitwalia uhuru, swali la tahajia lilikuwa pia swali la uhuru. Mwaka 1823, akiwa London, mzaliwa wa Caracas Andrés Bello alitoa pamoja na Juan García del Río mapendekezo ya kurahisisha tahajia kwa ajili ya Amerika. Lengo lao lilikuwa elimu: nchi changa zilihitaji wasomaji wengi kwa haraka, na kila herufi isiyo na sababu ilikuwa kikwazo kwa mtoto.

Bello alihamia Chile mwaka 1829, akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile. Mwaka 1843 Domingo Faustino Sarmiento, mkimbizi kutoka Argentina ambaye baadaye angekuwa rais wa nchi yake, aliwasomea wanachuo mjini Santiago pendekezo kali zaidi. Alitaka h, v na z ziondolewe. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuelewa: Waamerika hawana sauti ya z, basi kwa nini waiandike kwa heshima ya matamshi ya nchi nyingine? Mwaka 1844 Kitivo cha Falsafa na Elimu ya Binadamu kilichagua njia ya wastani. Katika mageuzi hayo yaliyodumu zaidi ni kuandika "jente" badala ya "gente", "i" badala ya "y" kwa maana ya na, na "esterior" badala ya "exterior".

Mwaka huo huo wa 1844 Uhispania ilikwenda upande wa pili. Baadhi ya walimu wa shule za msingi wa Madrid walikuwa wameanza kufundisha tahajia waliyoirahisisha wenyewe. Aprili 25 amri ilitolewa kwa jina la Malkia Isabel II, aliyekuwa msichana wa miaka 13, kulazimisha shule zote kufuata tahajia ya Akademia. Tangu siku hiyo kosa la tahajia katika shule za Uhispania likawa pia uvunjaji wa agizo la serikali.

Chile ilidumu na njia yake kwa takriban miaka 80. Lakini vitabu vilivyotoka nchi nyingine havikulingana na vile vya shule zake, na ndani ya Chile yenyewe desturi zilichanganyika. Kwa amri iliyoanza kutumika Oktoba 12, 1927, nchi hiyo ilirudi katika tahajia ya Akademia. Usahihi wa hoja za Bello haukukanushwa na yeyote. Kilichoshinda ni umoja. Nchi za Kihispania ziliona ni afadhali kubeba matatizo ya pamoja kuliko kila moja kuwa na wepesi wake.

7. Mjadala wa Zacatecas

Mwezi wa Aprili 1997 mjadala huo uliibuka upya mjini Zacatecas, Meksiko, katika kongamano la kwanza la kimataifa la lugha ya Kihispania. Mwandishi Gabriel García Márquez wa Colombia, mshindi wa tuzo ya Nobel ya mwaka 1982, alisimama na kupendekeza tahajia istaafishwe. Alitaka h izikwe, g na j zipatanishwe, na alama za mkazo zitumike kwa busara zaidi, kwa kuwa msomaji mwenye akili hatachanganya maneno. Maneno yake yalizua ghadhabu kubwa kwa wanasarufi.

García Márquez hakuwa akitetea uvivu. Mtu huyu aliyetukuza lugha yake kuliko wengi alikiri katika kumbukumbu zake kwamba tahajia ilimsumbua tangu ujana. Upungufu wa hoja yake ni ule wa "pago" na "pagó": pana mahali ambapo akili ya msomaji haitoshi. Nguvu yake ni kwamba aliutenganisha ustadi wa lugha na ukumbukaji wa herufi, mambo mawili ambayo shule huyachanganya kila siku.

Tangu hapo kilichobadilika zaidi ni meza ya wenye kuamua. Mwaka 1951, huko Meksiko, akademia za nchi mbalimbali zilikuwa zimekwisha kuunda umoja wao. Kitabu cha tahajia cha 2010 kilipitishwa na akademia zote kwa pamoja mjini Guadalajara, Meksiko, na matamshi ya s ya Waamerika yanatambuliwa kuwa sanifu sawa na yale ya Madrid. Guinea ya Ikweta, nchi ya Kiafrika ambako Kihispania ni lugha rasmi, nayo imeingia katika umoja huo mwaka 2016. Herufi hazikubadilika sana. Haki ya kuzijadili imeenea.

8. Kutoka "hasta" hadi "hata"

Neno moja laweza kuirudisha habari hii nyumbani. "Hasta" ya Kihispania, yenye maana ya mpaka, haikutoka katika Kilatini. Ilitoka katika "hatta" ya Kiarabu, kwa njia ya karne nyingi za utawala wa Waislamu katika rasi hiyo. Neno hilo hilo la Kiarabu lilifika pwani ya Afrika ya Mashariki, likawa "hata" ya Kiswahili, ambayo katika lugha ya kale ilitumika pia kwa maana ya mpaka. Madrid huiandika h bila kuitamka. Unguja huiandika na kuitamka. Lubumbashi hutamka "ata", na mwanafunzi anayeandika anavyosikia huandika "ata", kisha husahihishwa.

Hali yake inafanana sana na ya mtoto wa Lima. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa 1928, na tangu 1930 kilisimamiwa na kamati ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kongo haikuwa katika meza hiyo. Msemaji wa Kongo amerithi th, dh na h ambazo kinywa chake mara nyingi hakizipambanui, na makosa yake hufuata njia zile zile: "thamani" likiandikwa "samani", bei ya kitu imegeuka kuwa vyombo vya nyumbani; "kura" likiandikwa "kula", mpigaji kura amegeuka kuwa mlaji.

Historia ya Lubumbashi yenyewe inayo hati inayofundisha jambo hili. Mwaka 1965 André Yav alikusanya historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo, hati ambayo Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Tahajia yake haifuati usanifu, na maneno hukatwa mahali pasipotarajiwa. Ili kuielewa, ilibidi isomwe kwa sauti. Mwalimu mwenye kalamu nyekundu angeiona imejaa makosa. Mwanahistoria ameona ndani yake sauti ya watu wa mji, iliyohifadhiwa na makosa hayo hayo.

9. Hitimisho

Makosa ya tahajia katika Kihispania hugeuza kilele kuwa shimo, kukumbatia kuwa kuunguza, na deni linalolipwa kuwa deni lililolipwa na mwingine. Kwa hiyo kuyasahihisha ni wajibu, na jaribio la Chile limeonyesha kuwa lugha ya mataifa mengi haiwezi kuachia kila nchi iandike peke yake. Lakini yametokea, kwa sehemu kubwa, mahali ambapo sauti ilikufa na herufi ikabaki, au ambapo kanuni ilitungwa na watu wenye matamshi mengine. Mwalimu anayejua hayo ataendelea kuandika "hata" juu ya "ata" ya mwanafunzi wake. Ila kabla ya kupunguza alama, atamweleza kwamba sikio lake halikukosea, na kwamba herufi anayoongezewa ni ahadi kati yake na wasomaji walio mbali, ambao bila herufi hiyo wasingemwelewa.